Gari la Dumu: Historia ya Mafundi Wadogo wa Musoma, Bunda na Butiama

Majaribio yameisha, usingizi umerudi, na mimi nimerudi kibarazani kwangu. Leo tuache kidogo habari za bumu na foleni ya mgahawani. Nataka tuongee historia. Usikimbie! Sio ile ya kukariri tarehe za Mkutano wa Berlin, ni historia ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu aliyekulia mkoani amewahi kukivuta kwa kamba vumbini: gari la kutengeneza mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Mara, mnanijua. Nyumbani ni Musoma, kwa bibi ni Butiama, na likizo nyingi nilikuwa kwa shangazi Bunda. Sehemu zote tatu nimekuta watoto na wakubwa wanaojua kazi moja: kuchukua kipande cha plastiki kisicho na thamani, kukikata mikanda myembamba, kukipasha moto na kukikunja mpaka kinakuwa bodi ya lori, matairi ya mbele au mbavu za meli. Ughaibuni kazi hiyo ina maduka yake, majarida yake na watu wazima wanaoifanya kwa heshima zote. Kwetu inaitwa utoto. Ninachotaka kusema leo ni kwamba huo "utoto" ulikuwa elimu ya kujitegemea ya kweli kabisa, ikifanyika pale pale kwenye mkoa uliotoa maneno hayo, na shule zetu zikaipita bila kuiona.

Tuanze mbali kidogo, kabla ya plastiki.

Ukimuuliza mzee aliyekuwa mtoto miaka ya 1960, gari lake la kwanza lilikuwa la mabua ya mtama au mahindi. Unamenya bua, maganda unayatumia kama misumari, moyo wa bua ndio bodi. Waliokaa kando ya ziwa walikuwa na udongo wa mfinyanzi pia, wakafinyanga ng'ombe zaidi kuliko magari (si unajua Mara na ng'ombe). Kisha ukaja waya na bati. Makopo ya Kimbo yaliyotoka Kenya yalikuwa mali, kifuniko kimoja tairi moja. Mjomba wangu anasema kule Bunda, nyaya za kufungia marobota ya pamba ndizo zilikuwa chuma cha pua cha watoto. Ukipata mita 2 wewe ni tajiri, utaalikwa kila uwanja.

Halafu mambo yakabana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Ikaja vita ya Kagera 1978 na 1979, na baada ya hapo miaka ya foleni za sabuni na sukari. Kopo halikutupwa tena. Lilikuwa kikombe, kibatari, kipimo cha dagaa. Mtoto akiligusa anachapwa. Kwa hiyo malighafi ya toi ikapotea nyumbani.

Mwaka 1984 serikali ikaanza kuruhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na kuanzia 1985 chini ya Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa mwenyewe, milango ikafunguka zaidi. Plastiki ilikuwapo tangu zamani, lakini sasa ilikuja kwa wingi: ndoo, sahani, ndala, na zaidi ya vyote dumu la mafuta ya kula, lile la njano la lita 20. Mafuta yakiisha dumu linabaki. Dumu likipasuka haliwezi kuwa kikombe wala kibatari, halina kazi kwa mama. Hapo ndipo mtoto akapata malighafi yake.

Tena hakulipata bila mshindani. Kwenye mialo ya Musoma, dumu lililopasuka lilikuwa linatafutwa na wavuvi pia. Plastiki hiyo inaelea, kwa hiyo ukiikata na kuifunga kwenye nyavu unapata boya la bure. Malapa yaliyokwisha nayo hivyo hivyo. Mjomba anasema pale Mwigobero ilikuwa vita: mvuvi anataka boya, mtoto anataka tairi, na ndala ni moja. Ukiona mtoto wa Musoma ana gari la matairi manne yanayofanana, ujue ama baba yake ni mvuvi ama kuna mtu anatembea pekupeku!

Sasa kila sehemu ilikuwa na mtindo wake, na hapa ndipo historia inapokuwa tamu, maana toi linakuambia watu wa mahali walikuwa wanaangalia nini.

Musoma ni bandari. Enzi za reli na bandari za Afrika Mashariki, meli zilikuwa zinazunguka ziwa zima, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba mpaka Port Bell. Bandarini kwetu kuna hata gati la kushushia mabehewa ya treni kutoka kwenye meli. Kwa hiyo mtoto wa Musoma alitengeneza meli: mbavu za mikanda ya dumu, ganda la juu la ndoo iliyovunjika, na bomba la moshi la ganda la kalamu.

Bunda iko barabarani. Kila kinachotoka Mwanza kwenda Musoma au Sirari kinapita pale. Hivyo Bunda ni malori na mabasi. Shangazi anasema watoto walikuwa wanabishana idadi ya ekseli za Scania kama watu wanavyobishana Simba na Yanga. Ukitengeneza lori la tela bila kuweka tairi za nyuma pacha, unachekwa stendi nzima.

Butiama ni kijijini, lakini kijiji ambacho Rais alikuwa anarudi nyumbani. Bibi anasema watoto wa pale walitengeneza misafara. Sio gari moja, yanatengenezwa matano, yanafungwa kamba moja nyuma ya nyingine, la mbele lina kibendera cha karatasi. Anayevuta haruhusiwi kucheka. Mura, ukicheka unashushwa cheo!

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe, maana wengi tunadhani ni kukata na kufunga tu. Hapana. Nimekaa na mjomba jioni nzima akinieleza huku mimi naandika kwenye daftari, na baadaye nikalinganisha na kemia yetu. Jamaa alikuwa anajua kemia bila kujua kwamba anajua.

Kwanza, kuchagua. Plastiki haiko aina moja. Dumu la mafuta limetengenezwa kwa polithini ngumu. Bomba la maji ni PVC. Chupa ya maji ya kunywa ni PET. Ganda la kalamu ya Bic ni polistairini. Mjomba hakujua majina hayo, yeye alikata kipande kidogo akakitupa kwenye maji. Kikielea ni "cha dumu", kikizama ni "cha bomba". Na kweli: sentimita moja ya ujazo ya polithini ya dumu ina uzito wa kama gramu 0.95, chini ya maji, na PVC ina kama gramu 1.4. Ile ni maabara ya uzitowiani, na kifaa ni beseni.

Pili, kukata. Mkanda lazima ufuate upande mmoja wa dumu, usipinde kwenye kona, maana kona ni nene na itakusumbua. Kisu kinapashwa moto kidogo, au unatumia wembe na kipande cha ubao ulionyooka kama rula. Mikanda ya upana wa kidole kwa chasisi, nusu kidole kwa mbavu, na myembamba kama njiti kwa ngazi, vioo vya pembeni na reli za meli.

Tatu, moto. Hapa ndipo fundi anapojitenga na mlipuaji. Dumu halipashwi kwenye ndimi za moto, linapashwa juu ya makaa, mbali kidogo, huku unageuza. Polithini hiyo inayeyuka kwenye nyuzi kama 130. Kabla haijafika hapo inakuwa laini, na ikikaribia kuyeyuka ule weupe wake wa maziwa unaondoka, inaanza kung'aa kama kioo. Mjomba anasema, "ikianza kung'aa, toa." Unaizungushia kwenye chupa au mpini wa jembe, unashika mpaka ipoe, au unaizamisha kwenye maji. Na unakunja kupita kiasi unachotaka, kwa sababu ikipoa inarudi nyuma kidogo. Yeye anasema plastiki "inakumbuka kwao". Mkanda ukikunjwa wa baridi unaweka mstari mweupe pale ulipoumia, na siku moja unavunjika hapo hapo.

Bomba la PVC ni habari nyingine. Lenyewe linalainika kwenye nyuzi kama 80 tu. Hii ina maana kwamba maji ya moto yanatosha. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji pale Musoma yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, na bado PVC inalegea vizuri. Unalipasua bomba kwa urefu, unalitumbukiza, unalifungua kama kitabu na kulilaza chini ya ubao na jiwe juu yake. Likipoa una karatasi ngumu, nyoofu, ya kutengenezea tenki la lori au staha ya meli. Wengine walitumia mchanga wa moto kwenye kikaango, kama anayekaanga karanga. Hakuna moshi, hakuna kuungua.

Nne, kuunga. Hapa kila mtoto aligonga mwamba: dumu halishiki gundi. Paka gundi yoyote ya dukani, ikikauka inabanduka kama gamba. Polithini iko hivyo, uso wake haupendi kushikwa. Suluhisho lilikuwa kutoboa kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto na kushona kwa waya, au kuyeyusha ncha mbili kwa kisu cha moto na kuzibana pamoja. Lakini lazima plastiki ziwe ndugu. Dumu kwa dumu zinashikana, dumu kwa bomba hazishikani hata uombe. Na ziko mbinu nyingine za hali ya juu: unakata chupa ya maji ya kunywa kwa kuzunguka, unapata uzi mrefu wa PET, unauzungusha kwenye kiungo, kisha unausogeza karibu na makaa. Ule uzi unasinyaa na kubana kiungo kuliko fundo lolote.

Sasa twende kwa wazungu kidogo, tulinganishe.

Mwaka 1939 huko London, Mhungaria mmoja aitwaye Nicholas Kove alianzisha kampuni ya Airfix. Mwanzoni walitengeneza vitoi vya mpira vya kujaza upepo, baadaye vitana vya plastiki. Mwaka 1949 wakatengeneza mfano mdogo wa trekta la Ferguson, kwa ajili ya matangazo ya biashara ya matrekta hayo. Baadaye, ili kupunguza gharama, ukauzwa vipande vipande, mnunuzi aunge mwenyewe. Mwaka 1952 wakatoa meli ya Golden Hind, ikauzwa kwenye maduka ya Woolworths kwa shilingi 2 za Kiingereza, ndani ya mfuko wa plastiki badala ya boksi ili bei isipande. Hobi nzima ya mamilioni ya watu ilipata nguvu kwa njia hiyo: plastiki rahisi, kazi ya mkono na muda.

Plastiki yao ilikuwa polistairini, ndugu wa lile ganda la kalamu ya Bic. Ile kalamu yenyewe ilitoka Ufaransa mwaka 1950. Polistairini ina tabia nzuri kwa fundi: inakatika vizuri kwa wembe, na gundi yake haigandishi juu juu, inayeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja. Ndiyo maana mafundi wa hobi huko wananunua pakiti za mikanda ya polistairini iliyokwisha kupimwa unene, wanakata, wanakunja, wanatengeneza sehemu ambazo kiwanda hakikutoa: bampa, ngazi, fremu ya dirisha. Kazi ni ile ile ya mjomba. Tofauti ni kwamba yeye alipewa plastiki isiyokubali gundi, na akaitafutia dawa. Mimi kwa maoni yangu hilo ndilo gumu zaidi.

Na wao wana skeli. Airfix ilijenga jina kwenye skeli ya 1:72, yaani lori la urefu wa mita 7.2 linakuwa sentimita 10. Mafundi wetu walipima kwa shibiri na vidole, lakini mjomba anasema walikuwa na sheria: tairi moja likiwa vidole viwili, mlango ni vidole vitatu na bodi ni shibiri mbili. Ukivunja sheria, gari linakuwa "kiroboto". Hiyo ni skeli, ndugu zangu. Nani kati yetu hakuteseka na skeli ya ramani ya 1:50,000 kidato cha tatu? Na nusu ya darasa lilikuwa limeshawahi kuitumia vumbini!

Hapo ndipo ninapokuja kwenye shule.

Machi 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Tumeusoma wote kwenye kozi ya misingi ya elimu, na wengine tumeusoma usiku wa kuamkia mtihani. Hoja yake ilikuwa kwamba shule isimtenge mtoto na jamii yake, kwamba kazi ya mikono ni sehemu ya kujifunza, kwamba mtoto afundishwe kufikiri na kutatua matatizo ya mahali alipo. Novemba 1974, chama cha TANU kikakutana pale pale kwetu na kutoa Azimio la Musoma: watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo 1977. Ndiyo UPE. Watoto wakamiminika. Walimu hawakutosha, maelfu ya wahitimu wa darasa la saba wakafundishwa ualimu wakiwa kazini (wale ambao wenye utani waliwaita Ualimu Pasipo Elimu). Vitabu havikutosha. Zana hazikutosha.

Kutokana na uhaba wa namna hiyo, neno ambalo sisi wa ualimu tunalijua mpaka kwenye ndoto likapata uzito: kufaragua. Zana za kufaragua! Mwalimu atengeneze zana kwa vitu vinavyopatikana kwenye mazingira yake. Sawa. Lakini ukiwauliza waliosoma miaka ile elimu ya kujitegemea darasani kwao ilikuwa nini, watakujibu neno moja: jembe. Shamba la shule, bustani, kuchota maji ya nyumba ya mwalimu. Na gari la dumu? Lilinyang'anywa mlangoni. Mjomba alikuwa na meli yenye staha mbili, iliyomchukua likizo nzima, na mwalimu mmoja (shule sitaitaja) aliikanyaga mbele ya mstari kwa kosa la kuleta uchafu shuleni. Wiki hiyo hiyo, kwa maneno ya mjomba, walifundishwa kuelea na kuzama kwa mchoro ubaoni.

Siandiki haya kumlaumu mwalimu yule. Alikuwa na watoto wengi, mshahara mdogo, na hakuna aliyemwambia kwamba kilichokuwa chini ya kiatu chake kilikuwa zana ya kufaragua iliyokwisha kufaraguliwa. Ninachosema ni kwamba waraka uliotoka kwa mtu wa Butiama na azimio lililotoka Musoma vilikuwa vinamtafuta mtoto wa aina hiyo hiyo, na alikuwa amesimama mstarini.

Labda utaniuliza, meli ya toi ina uzito gani kwenye elimu? Nitakujibu kama mtoto wa ziwa.

Meli ya mikanda ya dumu ikitengenezwa tupu, inaelea lakini inalala ubavu. Kila mtoto wa Musoma aliligundua hilo siku ya kwanza. Dawa yake ni kuweka uzito chini: kipande cha bomba, kile kinachozama, kinashonwa chini kabisa kwa urefu wa meli. Ukiongeza staha ya pili juu, lazima uongeze bomba chini. Ukipanga mizigo yote juu, inapinduka, hata kama beseni limetulia. Mtoto wa miaka tisa anajua hilo kwa mikono yake.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza, ikiwa imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, kikiwa nacho kimejaza kupita kiasi, wakafa zaidi ya 200. Sisemi toi lingezuia ajali hizo, nisieleweke vibaya. Usalama wa meli una sheria zake na wakaguzi wake. Lakini abiria anayejua kwa nini mizigo haipandishwi juu ana sababu ya kukataa kupanda, na ana ulimi wa kumwambia nahodha. Ujuzi huo ulikuwa unachezewa ufukweni kila jioni, na sisi tukaufundisha kwa chaki.

Sasa hali ikoje? Kwa kweli mafundi wadogo wamepungua. Toi la kiwandani kutoka China linauzwa mnadani kwa bei ambayo mzazi wengi wanaimudu, na siku mbili baadaye limevunjika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na mimi naunga mkono, maana ufukwe ulikuwa unatia aibu. Lakini dumu, ndoo na chupa bado zipo, na nyingi zinachomwa jalalani. Hapa lazima niseme jambo la afya: moshi wa plastiki sio wa kuchezea, hasa wa PVC, ambao unatoa gesi ya asidi inayochoma mapafu. Kama utamfundisha mtoto kazi hii, tumia maji ya moto au mchanga, mtu mzima awepo, na muwe nje. Plastiki ikitoa moshi ujue umeshaharibu, vyote viwili, kazi na kifua.

Na kwa wanaodhani plastiki chakavu ni mambo ya watoto tu, waangalie Lamu. Mwaka 2018 mafundi wa majahazi wa huko, wakiongozwa na Ali Skanda, walishusha majini jahazi la urefu wa mita 9 lililotengenezwa kwa plastiki iliyotumika na kupambwa kwa vipande vya ndala elfu 30. Wanaliita Flipflopi. Waliyeyusha plastiki wakapata mbao na mbavu, kisha wakazichonga kwa zana za useremala wa jahazi. Mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar, na mwaka 2021 likaletwa Ziwa Victoria, likaanzia safari Kisumu. Mbavu za plastiki, ngozi ya plastiki, mapambo ya ndala... mjomba nilipomwonyesha picha kwenye simu alikaa kimya, halafu akasema, "kumbe waliendelea."

Kwa nini naandika haya sasa? Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni ya mwanahistoria. Pale Mwitongo, Butiama, kuna Makumbusho ya Mwalimu yaliyofunguliwa mwaka 1999. Utaona vitu vyake binafsi na zawadi alizopewa. Ni vizuri, nendeni, msiishie kupiga picha kaburini. Lakini gari la bua, gari la kopo, gari la dumu, hivyo nani anavihifadhi? Vimetengenezwa kwa vitu vya kutupwa, na kweli vikatupwa. Bua lilioza, kopo lilipata kutu, dumu lilichomwa. Kilichobaki ni vichwa vya watu kama mjomba, na vichwa navyo vina siku zake. Historia ya mkoa wetu ikiandikwa kwa nyaraka tu, itakuwa na marais na maazimio, na haitakuwa na mtoto hata mmoja.

Ya pili ni ya mwalimu mtarajiwa. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, madarasa yamejaa tena kama enzi za UPE. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na watu wanauliza vifaa vitatoka wapi. Vingine vitatoka serikalini, lazima vitoke, tusiache kuvidai kwa kisingizio cha kufaragua. Ila wakati tunasubiri, beseni la maji, dumu lililopasuka na bomba la futi moja vinafundisha uzitowiani, skeli, joto na mmenyuko wa nguvu kwa darasa la watoto 90. Mimi nikienda fildi mwaka huu, somo langu la kwanza la kuelea na kuzama litaanza na mikanda ya dumu. Nimeshakusanya madumu mawili chini ya kitanda hosteli, na mwenzangu wa chumba ameanza kulalamika harufu ya mafuta. Avumilie!

Kazi yenu wadau ni ndogo. Mkifika nyumbani likizo, muulizeni baba, mjomba, kaka: gari lako la kwanza ulilitengeneza kwa nini, mwaka gani, na nani alikuonyesha? Andikeni mwaka, mahali na malighafi. Mtu wa Tarime akiwa na lake, wa Ukerewe na lake, wa Kigoma na lake, tayari tuna kitu ambacho hakimo kwenye maktaba yoyote hapa chuo. Na kama kuna dada zangu mliotengeneza, msikae kimya, maana bibi ananiambia dereva mkuu wa msafara wa Butiama alikuwa yeye.

Tuko pamoja.